Kapteni Aliyetwaa Amana kwa Bunduki: Maisha ya Michel Micombero

Ziwa Tanganyika halitenganishi watu, huwaunganisha. Mvuvi wa Ujiji na mvuvi wa Rumonge hutupa nyavu katika maji yale yale. Mha wa Kigoma na Mrundi wa Nyanza-Lac husikilizana wasemapo, kila mmoja kwa lugha ya mama yake. Basi litokealo upande mmoja wa ziwa haliwezi kuwa habari ya wageni kwa upande wa pili. Ndiyo sababu leo twaona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mtu ambaye hakuwa wa nchi yetu, wala hakutawala hata kijiji kimoja cha nchi yetu, ila matendo yake yalibadili sura ya mkoa wa Kigoma, na ya Tabora na Mpanda pia. Mtu huyo ni Michel Micombero, Kapteni wa jeshi aliyepata uwaziri mkuu wa Burundi mwezi wa Julai, 1966, kwa njia ya mapinduzi, na kabla mwaka haujaisha akajifanya rais.

Amekwisha kufa zamani, na hukumu ya roho yake ni ya Mungu peke yake. Hatuandiki ili kumhukumu maiti. Twaandika kwa kuwa walio hai wana haja ya kujua jambo moja: cheo ni amana, na mtu atwaaye amana kwa nguvu hawezi kuitunza, kwa maana amekwisha kuwafundisha wengine jinsi ya kuinyang'anya.

Micombero alizaliwa mwaka 1940 huko Rutovu, katika milima ya Bururi, kusini mwa Burundi. Alikuwa Mtutsi wa kundi la Wahima, kundi ambalo zamani halikuhesabiwa miongoni mwa wakuu wa nyumba ya mfalme. Alisoma katika shule za misioni, kisha akaingia Chuo cha Roho Mtakatifu mjini Usumbura, mji uitwao sasa Bujumbura. Yatupasa kulisema jambo hili bila kulificha: walimu wake walikuwa mapadre, na aliyoyasikia darasani ni yale yale wanayoyasikia watoto wetu. Mwaka 1960 akaingia jeshini, akapelekwa Ubelgiji kusoma katika chuo cha kijeshi cha Brussels. Aliporudi mwaka 1962, nchi yake ilikuwa inapata uhuru. Alikuwa kijana wa miaka 21 tu, naye alikuwa mmoja wa maofisa wachache mno wenyeji ambao Burundi ilikuwa nao. Mahali palipo na wasomi wachache, kijana hupanda ngazi mbio, hata kabla miguu yake haijakomaa.

Nchi aliyoikuta ilikuwa na jeraha bichi. Mwezi wa Septemba, 1961, Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore, rafiki wa Mwalimu Nyerere, aliongoza chama cha UPRONA akashinda uchaguzi, akapata viti 58 katika 64. Chama chake kilikuwa na Wahutu na Watutsi pamoja. Huyo alipata uwaziri mkuu kwa kura za watu. Lakini tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi akafa katika hoteli moja kando ya ziwa mjini Usumbura. Hakuwa ametawala hata mwezi mmoja. Tarehe 15 Januari, 1965, Waziri Mkuu mwingine, Pierre Ngendandumwe, Mhutu, naye akauawa kwa risasi. Hivyo katika muda wa miaka minne tu, watu wa Burundi walionyeshwa mara mbili kwamba risasi moja yaweza kufuta kura za maelfu. Masomo mabaya hujifunzwa upesi.

Mwezi wa Oktoba, 1965, baadhi ya maofisa Wahutu wa jeshi na jandarma walijaribu kuipindua serikali ya Mfalme Mwambutsa wa Nne. Waziri Mkuu, Léopold Biha, alijeruhiwa vibaya. Mfalme aliyekuwa akitawala tangu 1915, alipokuwa bado mtoto mdogo, aliondoka nchini asirudi tena. Aliyezima uasi ule alikuwa Kapteni Micombero, ambaye wakati huo alikuwa Katibu wa Serikali wa mambo ya Ulinzi. Kuzima uasi ilikuwa kazi yake, wala hatuna neno juu ya hilo. Lakini baada ya uasi kuzimwa, watu hawakutengwa kwa makosa yao. Walitengwa kwa kabila lao. Wabunge na viongozi wengi wa Kihutu walipigwa risasi, miongoni mwao Joseph Bamina, aliyekuwa Waziri Mkuu mapema mwaka ule ule. Vijijini nako damu ilimwagika pande zote mbili. Tangu siku zile jeshi likawa ndiyo nguzo iliyobaki, na nguzo ile ilikuwa mkononi mwa kijana wa miaka 25.

Ndipo ikaja Julai, 1966. Mfalme mzee akiwa yuko mbali, Ulaya, mwanawe Charles Ndizeye, kijana wa miaka 18, alitangaza tarehe 8 Julai kwamba yeye ndiye mkuu wa nchi. Hakuwa na nguvu ya kufanya hivyo peke yake. Jeshi lilimwunga mkono. Katika siku zile zile Kapteni Micombero akateuliwa Waziri Mkuu. Mwezi wa Septemba kijana akavikwa taji kwa jina la Ntare wa Tano. Watu waliimba na kucheza, maana walidhani ujana wa wawili hawa utaleta asubuhi mpya. Lakini angalieni mpango wenyewe ulivyokuwa. Mwana amemwondoa babaye kitini kwa msaada wa askari. Je, askari huyo atajifunza nini? Atajifunza kwamba kiti kile chaweza kuondolewa mtu.

Haikuchukua miezi mitano. Mwezi wa Novemba Mfalme Ntare alisafiri kwenda Kinshasa, kwenye sikukuu ya kutimiza mwaka mmoja wa utawala wa Jenerali Mobutu, ambaye naye alikuwa askari aliyejitwalia nchi. Tarehe 28 Novemba, 1966, mfalme akiwa bado ugenini, Waziri Mkuu wake alitangaza kwamba ufalme umekwisha, Burundi ni jamhuri, na rais wake ni yeye. Ufalme uliodumu karne nyingi ulikoma kwa tangazo moja. Twaweza kubishana kama jamhuri ni bora kuliko ufalme. Nchi yetu wenyewe ni jamhuri, nasi twaipenda. Hatulaumu jamhuri. Lililo baya ni namna ilivyozaliwa: mtumishi aliyekabidhiwa nyumba alibadili kufuli mwenye nyumba alipokuwa safarini.

Jamhuri ile ilitoa ahadi nzuri. Ilisema itafuta ubaguzi wa kabila, itawainua wakulima, itafuata nyayo za Rwagasore. UPRONA ikawa chama pekee, na vijana wake wakaitwa kwa jina la Rwagasore. Lakini wahenga walisema, ahadi ni deni, na deni hili halikulipwa. Wakuu wa jeshi na wa serikali walizidi kutoka Bururi, mkoa wa rais. Mwaka 1969 maofisa na watumishi kadhaa wa Kihutu walishtakiwa kwamba walikula njama, wakauawa. Mwaka 1971 ikawa zamu ya Watutsi wa sehemu nyingine za nchi. Nao walishtakiwa kwa njama, baadhi wakahukumiwa kifo, ijapokuwa mwanzoni mwa 1972 hukumu hizo zilipunguzwa. Hivyo ndivyo aishivyo mtu aliyeingia kwa dirisha: kila usiku husikiliza madirisha.

Sasa twafika kwenye habari iliyo nzito kuliko zote. Mfalme Ntare alikuwa akiishi ugenini. Mwezi wa Machi, 1972, alifika Uganda, na Jenerali Idi Amin akapokea ahadi ya Rais Micombero kwamba kijana huyo akirudi kwao ataishi salama kama raia yeyote. Tarehe 30 Machi akarudishwa kwa helikopta. Mara tu alipokanyaga ardhi ya kwao alikamatwa, akawekwa kifungoni katika mji wa Gitega. Usiku wa tarehe 29 Aprili akauawa, bila hukumu ya mahakama, akiwa na miaka 24. Mtu aliyemteua kuwa Waziri Mkuu, na ambaye ahadi ya usalama wake ilitolewa kwa serikali ya nchi nyingine, hakupewa hata kaburi la kujulikana.

Siku ile ile ya tarehe 29 Aprili, Micombero aliivunja serikali yake yote. Na siku ile ile watu wenye silaha waliondokea pwani ya ziwa, Rumonge na Nyanza-Lac, wakashambulia. Walikuwa waasi wa Kihutu, na pamoja nao walikuwamo watu waliotoka Kongo. Waliwaua Watutsi wengi, wanaume, wanawake na watoto, ambao kosa lao lilikuwa kuzaliwa tu. Twalisema hili wazi, maana msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na mwenye kuhesabu maiti wa upande mmoja tu hajaanza kuhesabu.

Lakini jibu la serikali halikuwa kuwatafuta waasi. Uasi wenyewe ulizimwa kwa muda mfupi. Mauaji yakaendelea kwa miezi, nchi nzima, hata mahali ambapo hakukusikika mlio wa risasi ya mwasi. Walitafutwa Wahutu waliosoma: walimu, wauguzi, makarani, wanafunzi wa chuo kikuu na wa sekondari, askari, wafanya biashara. Majina yaliandikwa katika orodha, malori yalikuja, watu walipandishwa wasirudi. Wengine waliitwa wafike ofisini kwa amani, wakaenda wenyewe kwa miguu yao, kwa kuwa hawakuwa na hatia. Na vijana wale waliobeba jina la Rwagasore, aliyetaka kuwaunganisha Wahutu na Watutsi, walisaidia kuwakamata. Waliouawa hukadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Warundi wenyewe waliyapa mauaji yale jina la Ikiza, yaani balaa kuu.

Kanisa nalo lilipoteza watu wake. Makatekista na mapadre waliuawa. Miongoni mwao alikuwa Padre Michel Kayoya, mwandishi na mshairi, aliyeuawa mwezi wa Mei, 1972, karibu na Gitega, akatupwa katika kaburi la pamoja na wengine wengi. Michel mmoja na Michel mwingine: wote wawili walibatizwa, wote wawili walisoma kwa mapadre, mmoja akafia mahali ambapo serikali ya mwenzake ilichimba shimo. Mwaka 2019 maaskofu wa Burundi walianzisha mchakato wa kumtangaza Padre Kayoya mwenye heri, pamoja na mashahidi wengine wa nchi ile. Hatuwezi basi kusema kwamba shule ya misioni peke yake yatosha kumfanya mtu kuwa mwema. Shule humpa mtu taa. Pa kuimulika huchagua mwenyewe.

Hapo ndipo Kigoma ilipoingia katika habari hii. Watu walishuka kutoka milimani hata ziwani, wakapanda mitumbwi usiku; wengine walivuka mpaka kwa miguu kwa njia ya Kagunga na ya Kasulu. Katika miaka ile zaidi ya watu 100,000 walipata kimbilio Tanzania. Wengi walipelekwa katika makazi mapya yaliyofunguliwa porini: Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba huko Mpanda, na baadaye, mwaka 1978, Mishamo. Wengine walibaki katika vijiji vya mwambao, wakapokewa na Waha, ambao hawakuwa na chakula cha ziada lakini walikuwa na lugha ya kuelewana na sehemu ya kukalisha mgeni. Walifyeka msitu, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, hata makazi yale yakaja kulisha na wenyeji.

Mwaka 1973 vita ilivuka mpaka. Majeshi ya Burundi, yakisema yanawafuata waasi, yalishambulia vijiji vya upande wa Kigoma, na raia wa Tanzania wakapoteza maisha. Ndipo ilipoonekana nguvu ambayo Micombero hakuifikiria. Burundi haina bahari. Kahawa yake na bidhaa zake zilipita ziwani hadi bandari ya Kigoma, kisha zikapanda gari moshi kwenda Dar es Salaam, kwa reli iliyofika Kigoma tangu 1914. Wafanyakazi wa bandarini Kigoma na Dar es Salaam walikataa kugusa shehena ya Burundi. Makuli, watu wa mshahara mdogo, walikunja mikono yao tu, na serikali yenye ndege na mizinga ikabanwa. Kabla mwaka ule haujaisha Micombero alikutana na Mwalimu Nyerere, Mobutu akiwa mpatanishi, wakapatana. Twaona fahari kuandika kwamba somo hili lilitolewa na makuli wa Kigoma, bila kumwaga tone la damu.

Micombero alitawala miaka 10. Tarehe 1 Novemba, 1976, jeshi lilimwondoa, kwa njia ile ile aliyoifungua yeye. Aliyemwondoa alikuwa Kanali Jean-Baptiste Bagaza, naye mzaliwa wa Rutovu, naye aliyesomea uaskari Ubelgiji. Micombero akaenda Somalia kuishi ugenini, akapokewa na Siad Barre, ambaye pia alikuwa jenerali aliyetwaa nchi. Huko Mogadishu aliingia chuo kikuu, akasoma uchumi, akapata shahada mwaka 1982. Jambo hili latufikirisha sana: kuona kwamba mtu ambaye chini ya utawala wake wanafunzi walitolewa madarasani wakauawa, alimaliza maisha yake akiwa mwanafunzi, akiketi darasani kwa amani. Tarehe 16 Julai, 1983, alikufa kwa ugonjwa wa moyo, mbali na milima ya kwao, kabla hajatimiza miaka 43.

Mtu alikufa, lakini mlango alioufungua haukufungwa. Bagaza, aliyewafukuza wamisionari na kuwawekea waumini vizuizi hata vya Misa za siku za juma, alipinduliwa Septemba, 1987, akiwa safarini Kanada. Aliyempindua alikuwa Meja Pierre Buyoya, na huyu tena mtu wa Rutovu. Mwaka 1993 watu walipiga kura, wakamchagua Melchior Ndadaye, ambaye mwaka 1972 alikuwa kijana mwanafunzi aliyekimbilia Rwanda kuokoa maisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka ule ule askari wakamwua, na vita ya miaka mingi ikaanza. Mwalimu Nyerere alitumia miaka yake ya mwisho akiwapatanisha Warundi, na mapatano yakatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti, 2000, yeye akiwa amekwisha kufariki. Tena Mei, 2015, Rais Pierre Nkurunziza, ambaye babaye aliuawa mwaka 1972, alipokuwa mkutanoni Dar es Salaam, jenerali mmoja alijaribu kumpindua akashindwa. Maelfu wakajaa tena katika kijiji cha Kagunga, kipindupindu kikawapata, na meli kongwe ya Liemba ikawasafirisha hadi Kigoma. Mtu hupindua serikali Bujumbura. Mtoto huugua Kagunga.

Mwaka 2020 tume ya ukweli na upatanisho ya Burundi ilifukua makaburi ya pamoja karibu na mto Ruvubu, huko Karuzi, ikatoa mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Desemba, 2021, tume hiyo ilitangaza kwamba yaliyotendwa mwaka 1972 dhidi ya Wahutu yalikuwa mauaji ya kimbari. Ilichukua karibu miaka 50 kwa neno hilo kutamkwa rasmi katika nchi yenyewe.

Je, sisi tufanye nini na habari hii? Kwanza, tuilinde na uongo. Micombero hakuwa kabila, alikuwa mtu. Watutsi wengi waliwaficha jirani zao mwaka 1972, na mtoto wa Rutovu aliyezaliwa leo hana deni la damu. Mzazi amfundishaye mwanawe kulipiza kisasi cha 1972 anamwandikisha katika jeshi lile lile la Micombero, ijapokuwa amevaa nguo nyingine.

Pili, tukumbuke kwamba wakimbizi wale si wageni tena. Watu wapatao 162,000 wa kundi la 1972 walipewa uraia wa Tanzania, na hati zao zikaanza kutolewa mwaka 2014. Ni wanaparokia wenzetu, wapiga kura wenzetu, walimu wa watoto wetu. Anayemwita mmoja wao mkimbizi kwa dharau, hali alizaliwa Katumba na babaye alizaliwa Katumba, anavunja ahadi ambayo taifa zima lilimpa. Nasi tumekwisha kuona huko Burundi mwisho wa ahadi zivunjwazo.

Tatu, tuwe macho na mapenzi yetu kwa watu wenye nguvu. Siku za shida husikika sauti, hata mezani kwetu, kwamba nchi hii ingefaa kupata askari mmoja mkali aje anyoshe mambo. Warundi walimpata mwaka 1966. Alikuwa kijana, hodari, msomi, naye aliahidi kuyanyosha yote kwa haraka. Wazee wa Mishamo na Ulyankulu walio hai bado waweza kuwaeleza vijana wetu jinsi yalivyonyoshwa. Waulizwe mapema, kwa kuwa kila mwaka idadi yao hupungua.